Programu yako inatumia toleo lipi la maktaba? Mwongozo kwa wanaoanza Python

"Nimesasisha pandas, pip imeniambia imefanikiwa, lakini programu bado inagoma." Kila darasa jipya la Python linapoanza, swali hili halikosi kuulizwa. Leo ni pandas, kesho Pillow, keshokutwa NumPy. Hizi ni maktaba, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine, na pip ndiyo zana ya kuzisakinisha. Jibu linalotolewa mara nyingi ni "sasisha tena", na mwenye shida anasasisha tena, anapoteza bando, na hitilafu inabaki palepale.

Tazama hitilafu tatu zinazojirudia kuliko nyingine:

```
'DataFrame' object has no attribute 'append'
module 'PIL.Image' has no attribute 'ANTIALIAS'
module 'numpy' has no attribute 'float'
```

Ya kwanza ilianza na pandas 2.0, iliyotoka Aprili 2023. Ya pili ni Pillow 10, Julai 2023. Ya tatu ni NumPy 1.24, Desemba 2022. Zote tatu humpata mwenye toleo jipya anayefuata somo la zamani. Kwa hiyo anayekuambia "sasisha" bila kuuliza una toleo gani anakuelekeza usiko. Lazima ujue kwanza uko wapi.

Kujua uko wapi si kuangalia orodha ya pip. Kompyuta moja inaweza kuwa na nakala tatu au nne za maktaba ileile, kila moja na toleo lake. pip inajua ilichoweka kwenye Python yake tu. Inayojua maktaba iliyochukuliwa ni programu yako yenyewe, wakati inaendeshwa. Basi hiyo ndiyo ya kuulizwa.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Programu ile ile inayokusumbua. Usitengeneze nyingine ya majaribio pembeni.
- Njia ile ile unayoiendeshea siku zote. Kama huwa unabonyeza kitufe cha kuendesha ndani ya VS Code, fanya hivyo hivyo. Usihamie kwenye terminali kwa sababu mwongozo umetaja terminali.
- Python 3.8 au ya juu zaidi, kwa ajili ya hatua ya tatu.
- Jina la maktaba kama linavyoandikwa kwenye `import`, na jina lake kama linavyoandikwa kwenye `pip install`. Mara nyingine majina haya hayafanani kabisa, tutayaona.

Mtandao hauhitajiki mpaka utakapofika mahali pa kusakinisha. Wanaojifunzia kwenye simu, kwa Pydroid 3 au Termux, mistari ya msimbo ni ileile.

## Hatua

1. Usiguse chochote. Soma ripoti ya hitilafu yote.

Wengi husoma mstari wa mwisho tu. Mistari ya juu yake ina njia za mafaili, na hapo mara nyingi jibu limeshaandikwa. Mfano:

```
File "/home/neema/.local/lib/python3.10/site-packages/pandas/core/generic.py", in __getattr__
```

Mstari huo mmoja una habari tatu. Python inayotumika ni 3.10. Maktaba imechukuliwa kwenye `.local`, yaani folda ya mtumiaji na si ya mradi. Na faili lililolalamika ni la pandas yenyewe, si msimbo wako. Kama Neema, mwenye kompyuta hii ya mfano, alikuwa anaamini anafanya kazi ndani ya mazingira pepe ya mradi wake (folda yenye Python na maktaba za mradi huo peke yake), ameshajua hayumo.

Nakili ripoti nzima uihifadhi kabla hujasakinisha chochote. Ukishasasisha, ushahidi umepotea.

2. Weka mistari minne ya kuuliza juu kabisa ya programu.

```python
import sys, pandas
print(sys.executable)
print(sys.version)
print(pandas.__version__)
print(pandas.__file__)
```

Endesha programu. Utapata kitu kama hiki:

```
/home/neema/mradi/.venv/bin/python
3.11.4 (main, ...)
2.1.0
/home/neema/mradi/.venv/lib/python3.11/site-packages/pandas/__init__.py
```

Mstari wa kwanza ni Python inayoendesha programu: faili lenyewe, na njia yake kamili. Wa pili ni toleo la Python. Wa tatu ni toleo la maktaba. Wa nne ni mahali maktaba ilikochukuliwa.

Watu hukimbilia mstari wa tatu na kuishia hapo. Mimi huanza na wa nne. Namba ya toleo ni maneno tu yaliyoandikwa ndani ya faili; njia ya faili ndiyo inayokuonyesha nakala ipi imefunguliwa. Namba ikikushangaza, njia itakueleza kwa nini.

*Angalizo:* weka mistari hii ndani ya programu, usiipeleke kwenye dirisha jingine la terminali. Ukiandika `python` kwenye terminali unaweza kufungua Python nyingine kabisa, ikakujibu kwa ukweli mtupu kuhusu mambo yasiyokuhusu.

3. Kama maktaba haina `__version__`, uliza kumbukumbu za usakinishaji.

Hakuna sheria inayolazimisha maktaba kuwa na `__version__`. Ni desturi tu. Flask, kwa mfano, tangu 3.0 inakuonya ukiitumia. Njia rasmi ni hii, na ipo tangu Python 3.8:

```python
from importlib.metadata import version
print(version("flask"))
```

Hapa ndipo majina yanapowachanganya watu. Kwenye `version()` unaandika jina la pip, si la `import`:

- `import PIL` → `version("Pillow")`
- `import cv2` → `version("opencv-python")`
- `import sklearn` → `version("scikit-learn")`
- `import bs4` → `version("beautifulsoup4")`
- `import yaml` → `version("PyYAML")`

Ukipata `PackageNotFoundError`, usikimbilie kusema maktaba haipo. Kagua jina kwanza. Kwa OpenCV kuna utata zaidi, kwa sababu `opencv-python-headless` nayo hutoa `cv2` ileile. Anayesakinisha zote mbili anaandika nakala moja juu ya nyingine, na huenda asijue ipi imebaki.

Ukiwa na Python 3.10 au zaidi unaweza kuuliza kinyume, jina la `import` limetoka kwenye kifurushi gani:

```python
from importlib.metadata import packages_distributions
print(packages_distributions().get("cv2"))
```

Ikikurudishia majina mawili, umeshampata mchawi.

Kumbuka pia kwamba `version()` inasoma folda ya maelezo iliyoachwa na pip (ile inayoishia na `.dist-info`), haisomi msimbo uliofunguliwa. Mara nyingi zinakubaliana. Zisipokubaliana, amini `__file__`, kisha ufungue folda hiyo uangalie kwa macho.

4. Kama `import` yenyewe inaanguka, tafuta maktaba bila kuifungua.

```python
import importlib.util
s = importlib.util.find_spec("pandas")
print(s.origin if s else "haipo")
```

Hii inakuonyesha faili ambalo Python *ingelifungua*, bila kuliendesha. Inafaa sana pale NumPy na pandas zinapogombana na programu kufa kabla haijachapisha neno lolote.

5. Sasa ndiyo umuulize pip, na uone kama mnazungumzia kitu kimoja.

```
python -m pip --version
python -m pip show pandas
```

Amri ya kwanza inachapisha njia ya pip na Python yake. Ya pili ina mstari wa `Version` na mstari wa `Location`. Linganisha `Location` na ule mstari wa nne wa hatua ya 2. Vikiwa folda moja, mambo shwari. Vikitofautiana, umepata chanzo: ulikuwa unasasisha nakala isiyotumiwa na mtu.

Zoea kuandika `python -m pip` badala ya `pip` peke yake. Neno `pip` likiwa pekee, kompyuta inachukua pip ya kwanza inayokutana nayo, na hiyo inaweza kuwa ya Python 3.9 uliyoisahau tangu mwaka juzi. Kwenye Windows, `py -0p` itakuorodheshea Python zote zilizosajiliwa na mahali zilipo. Kuna watu hushtuka wakiiona orodha hiyo.

6. Sakinisha kwa kutumia njia kamili uliyoipata.

Chukua kile kilichochapishwa na `sys.executable` ukiweke mbele ya amri:

```
/home/neema/mradi/.venv/bin/python -m pip install "pandas<2"
```

Kwenye PowerShell ya Windows, weka alama ya `&` mbele na nukuu kuzunguka njia, la sivyo itaichukulia kama maneno ya kawaida:

```
& "C:\mradi\.venv\Scripts\python.exe" -m pip install "pandas<2"
```

Nukuu kwenye `"pandas<2"` ni za lazima pia. Bila hizo, alama ya `<` inasomwa na terminali, si na pip.

Lakini je, ni busara kurudi nyuma hadi toleo la zamani? Kama unamalizia kazi ya darasa kesho asubuhi, sawa. Kama ni programu utakayoishi nayo, rekebisha msimbo: `pd.concat` badala ya `append`, `Image.LANCZOS` badala ya `Image.ANTIALIAS`, `float` ya kawaida badala ya `np.float`. Ni kazi ya dakika chache. Kukaa kwenye pandas 1.5 kuna bei yake: utakapopandisha Python, hutapata nakala iliyokwisha kuundwa kwa ajili ya Python hiyo, na pip itaanza kujaribu kuijenga mwenyewe kutoka kwenye chanzo, kazi ambayo kwenye Windows huishia vibaya.

7. Endesha tena, usome tena ile mistari minne.

Ujumbe wa "Successfully installed" unathibitisha kazi ya pip tu. Programu yako ichapishe namba mpya ndipo useme umemaliza. Kisha ondoa mistari hiyo, isipokuwa kwa programu inayokaa kwenye seva. Hapo nashauri uiache, iandike kwenye faili la kumbukumbu (log) kila inapowaka. Siku ya tatizo itakuokoa.

## Makosa yanayorudiwa sana

Kulinganisha matoleo kama maneno. Mtu anaandika `if numpy.__version__ > "1.9"` akidhani ni hesabu. Sivyo. Maneno hulinganishwa herufi kwa herufi, na `"1.24" > "1.9"` inatoa `False`, kwa sababu 2 iko chini ya 9. Tumia kifurushi cha `packaging`:

```python
from packaging.version import Version
if Version(numpy.__version__) >= Version("1.24"):
    ...
```

Au usiulize toleo kabisa. Uliza kama kitu unachokihitaji kipo: `hasattr(numpy, "float")`. Pale inapowezekana napenda njia hii, maana haijali namba wala haidanganywi na toleo la majaribio lenye jina la ajabu kama `2.0.0rc1`.

Kusakinisha ndani ya notibuku (ukurasa wa msimbo unaoendeshwa seli kwa seli, kama wa Jupyter au Colab) kwa `!pip`. Alama ya mshangao inapeleka amri kwenye terminali, na pip itakayoitika inaweza kuwa ya Python nyingine. Tumia `%pip install`, ambayo inasakinisha kwenye kerneli iliyo wazi, yaani Python inayoendesha notibuku hiyo.

Kuamini mazingira pepe yamewaka kwa sababu jina lake linaonekana kwenye terminali. Mabano yenye `.venv` mwanzoni mwa mstari yanahusu terminali hiyo tu. VS Code ina chaguo lake: bonyeza Ctrl+Shift+P, andika `Python: Select Interpreter`, uchague ile yenye njia ya mradi wako.

## Ikiwa bado inagoma

"Nimesakinisha, namba haibadiliki, na njia ni ileile." Upo kwenye Jupyter au Colab? Python ikishafungua maktaba mara moja huihifadhi kwenye kumbukumbu yake. `Import` ya pili haifungui faili upya. Washa kerneli upya, kisha endesha seli zote kuanzia juu.

"`__file__` inaonyesha folda yangu mwenyewe." Umeita faili lako `pandas.py`, au `requests.py`, au `random.py`. Python hutafuta kwanza kwenye folda ya programu inayoendeshwa, kwa hiyo inakuta faili lako na kuacha maktaba. Badilisha jina. Kuna wanaoshauri ufute na `__pycache__`. Haidhuru, lakini si lazima, maana Python 3 haifungui kilichomo humo kama faili la asili halipo tena.

`__file__` inachapisha `None`. Karibu kila mara kuna folda yenye jina la maktaba hiyo mahali fulani kwenye mradi wako, isiyo na `__init__.py`, na maktaba ya kweli haijasakinishwa kwenye Python hii. Andika `print(list(pandas.__path__))` uone iko wapi.

`error: externally-managed-environment`. Debian 12, na Ubuntu kuanzia 23.04 (zote ni mifumo ya Linux), zinakuzuia kuchezea Python ya mfumo kwa pip. Zina sababu: baadhi ya zana za mfumo zinategemea Python hiyo. Tengeneza mazingira pepe kwa `python3 -m venv .venv` na usakinishe humo. Ile `--break-system-packages` inayotajwa kwenye ujumbe inafanya kile jina lake linachosema.

`WARNING: Ignoring invalid distribution ~andas`. Hii ni ya Windows hasa. Ulisasisha huku programu nyingine ikiwa imeshikilia mafaili ya pandas, pip ikashindwa kumalizia kufuta. Funga kila kitu kinachotumia Python, notibuku zikiwemo, ingia kwenye `site-packages`, ufute folda zinazoanza na `~`, halafu usakinishe tena.

Terminali inasema toleo jipya, tovuti inafanya kama la zamani. Programu ya seva iliwaka jana na ilifungua maktaba jana. Mafaili kwenye diski yamebadilika, yaliyomo kwenye kumbukumbu hayajabadilika. Iwashe upya huduma yenyewe, si terminali. Kwenye Linux unaweza kuona hali hii waziwazi. Chukua namba ya mchakato (programu inayoendeshwa), tuseme 1234, uandike amri hii, ambayo kwa mfano inatafuta libssl, maktaba ya OpenSSL:

```
sudo grep libssl /proc/1234/maps
```

Ukiona njia ya maktaba ikifuatiwa na `(deleted)`, mchakato huo bado umeshikilia nakala iliyokwisha kufutwa.

"Ninasasisha kwa pip, lakini lalamiko ni la SQLite (ya hifadhidata) au OpenSSL (ya usimbaji fiche)." Hizi hazimo mikononi mwa pip. Zimefungwa chini ya Python yenyewe, na zina njia yake ya kuulizwa:

```python
import sqlite3, ssl
print(sqlite3.sqlite_version)
print(ssl.OPENSSL_VERSION)
```

Angalia sana hiyo ya kwanza: ni `sqlite_version`. Kuna nyingine iliyoitwa `sqlite3.version`, ambayo ilikuwa namba ya moduli ya Python na haikuwa na uhusiano na SQLite. Imetangazwa kuwa ya kuachwa tangu Python 3.12. Django, maktaba ya kutengenezea tovuti, ikikataa kuwaka kwa madai kwamba SQLite ni ya zamani, dawa ni Python mpya au mfumo mpya.

Namba inasema toleo lina tundu la usalama, msimamizi wa seva anasema limezibwa. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Aprili 2014, tundu la Heartbleed lilipotangazwa, OpenSSL 1.0.1 hadi 1.0.1f zilikuwa hatarini na dawa ilikuwa 1.0.1g. Debian 7 haikupanda hadi 1.0.1g, ilichukua kiraka kile kile na kukiweka juu ya 1.0.1e, kikatoka kama `1.0.1e-2+deb7u5`. Ukiiuliza OpenSSL yenyewe inajibu 1.0.1e, ukimuuliza meneja wa vifurushi wa Debian unaona mkia wote. Kwa maktaba zilizoletwa na mfumo, basi, soma pia `dpkg -s libssl3` au jina lililopo kwenye mfumo wako, na uitazame sehemu iliyo baada ya kistari.